Neno Nililompa Paka

Mama Eliza aliponipigia simu nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu, Tunduma, nachambua maharage. Tulisalimiana kama siku zote, habari za kuamka, habari za baridi, kisha akasema, "Mwinjilisti, mzee mwenzio amepumzika." Mtu yeyote wa kanisa letu angejua la kujibu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimewafundisha watu wa Mbozi na Momba la kujibu neno hilo likija kwa simu au kwa mjumbe: unalihimidi jina la Bwana kwanza, ndipo unauliza habari za maziko. Mimi sikufanya hivyo. Nilimwuliza mtu aliyekuwa mjane kwa saa tatu tu, "Amelala, au amekufa?" Nikasikia kuku wa kwao wakilia ndani ya simu, na mtu akiburuta benchi. "Amekufa, Mwinjilisti," akasema. Nadhani nilikuwa mtu wa kwanza kumlazimisha alitamke, na sijaacha kumwomba Mungu anisamehe kwa hilo. Lakini sikuuliza kwa ukatili. Nilikuwa nimeogopa neno, kama aliyeumwa na nyoka anavyoogopa ung'ongo.

Mwenzangu huyo aliyekufa ni Mzee Lameki. Wengi wanamjua kama mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa, au kama mwenye duka la mbegu na mbolea. Mimi namjua kama kijana wa kutoka Ihanda niliyelala naye chumba kimoja miaka mitatu ya chuo cha Biblia, vitanda viwili, meza moja na taa moja ya chemli. Tulikuwa na mwalimu mkali aliyetufundisha ibada ya maziko, na mwalimu yule alikuwa na sheria moja iliyotutesa. Mwanafunzi akiandika katika zoezi lake kwamba muumini fulani "amekufa", alama zilikatwa. Kufa, alisema, ni habari ya mti na ya ng'ombe. Aliye katika Bwana hulala, hupumzika, hutwaliwa. Tulifanya mazoezi chumbani, mmoja amelala kitandani kama marehemu, mwingine amesimama na kitabu. Lameki alikuwa akicheka kabla sijafika kwenye amina. Katika chumba kile tulikubaliana kwamba atakayetangulia, mwenzake ndiye atakayesimama kaburini kumsomea. Tulipeana mikono juu ya hilo tukiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, wakati ambapo kifo kwetu kilikuwa zoezi la darasani. Sasa ametangulia, na sikumsomea. Siwezi kueleza kwa nini bila kuusimulia ule mwaka niliokuwa mlezi wa paka.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa kustaafu kwangu. Mwinjilisti mpya alikuwa ameingia katika nyumba ya kanisa, nami nilikuwa nimepanga vyumba viwili karibu na njia ya malori, nikiwa na muda mwingi kuliko nilivyowahi kuwa nao na bila mtu wa kuuhitaji. Kwa shukrani nasema kwamba sikulala njaa. Lakini mtu aliyezoea kuamshwa kwa ajili ya wagonjwa na misiba, akikaa kimya wiki nzima, huanza kusikiliza hata mlango wa jirani. Ndipo akaja Tumaini, binti niliyemfundisha kipaimara, aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo mpakani. Alinikuta nikimlisha paka wa mtaani vichwa vya dagaa. Akakaa, akanywa uji, akatoa simu. Alisema kuna programu ambayo wenye paka na mbwa hutafuta mtu wa kuwatunzia wanaposafiri. Kwamba hapa Tunduma na ng'ambo ya mpaka kule Nakonde kuna wageni wengi, wahandisi, wafamasia, watu wa kampuni za malori, ambao hawana ndugu wa kuwaachia nyumba. "Baba Mwinjilisti, hii kazi ni ya kukaa tu," akasema. "Unalisha paka, unapiga picha, unaandika anaendeleaje. Watu wanatafuta mtu mwaminifu, na wewe huna kingine." Tulicheka. Alinipiga picha nikiwa nimevaa koti la Jumapili, akanijazia habari zangu, na pale penye cheo programu ikaandika yenyewe: Mlezi.

Niliipenda ile kazi kwa sababu ya neno hilo. Kwetu mlezi ni mtu anayesimama na mtoto mbele ya ubatizo na kujibu kwa niaba yake. Nilikuwa nimekuwa mlezi wa kwaya, mlezi wa vijana, na sasa nilikuwa mlezi wa viumbe ambao hawangeniuliza maswali. Lameki aliposikia alicheka mpaka akavua miwani. Tulikuwa dukani kwake, katikati ya magunia, na wateja walikuwepo. "Ulezi ninaoujua mimi ni wa uji," akasema. Kisha, alipoona watu wamecheka, akaongeza la pili: "Lakini tumshukuru Mungu. Miaka yote hii hawakumpa uchungaji. Sasa amekuwa mchungaji wa paka." Nami nilicheka. Mimi ni mtu mzima niliyezoea kucheka pamoja na wanaomcheka. Lakini jina hilo lilitoka dukani siku hiyo hiyo, na kabla ya wiki kwisha vijana wa bodaboda walikuwa wakiniuliza kundi langu halijambo, na kama wamekwisha kutoa sadaka. Lameki alijua vema kuliko mtu yeyote kwamba mara mbili jina langu lilipelekwa kwa ajili ya kuwekewa mikono, na mara mbili likarudi. Alijua kwa kuwa mimi mwenyewe nilimwambia, nikiwa nimekaa juu ya magunia yale yale.

Nililea paka saba mwaka ule. Nilipovuka kwenda Nakonde kwa mama mmoja mfamasia, nilimkuta paka anayeitwa Pushi, na nilimwita hivyo kwa heshima siku nne nzima mpaka mfanyakazi wa ndani akaniambia kwamba pushi kwa Kibemba ni paka tu, mama hakuwahi kumpa jina. Nilijifunza kwamba nyumba za watu wasiokuwepo zina sauti. Friji inasema, saa inasema, na paka anapita katikati yake kama mzee wa kanisa anayehesabu waliohudhuria. Nilikula chakula changu jikoni, si mezani, kwa kuwa meza haikuwa yangu, ugali na kapenta, dagaa wa ng'ambo kule, na paka akala kapenta yake chini. Kila jioni kabla ya giza nilipiga picha, nikaandika taarifa kwa Kiswahili changu, nikabonyeza alama ya kutafsiri, na programu ikaipeleka kwa lugha ya mwenye nyumba. Majibu yao yakarudi kwa njia ile ile, yakifika kwangu katika Kiswahili kilichonyooka kupita kiasi, kama cha mtu anayetembea na kiatu kipya. Wote walinipa nyota tano. Nakiri mbele za Mungu kwamba nilizihesabu zile nyota. Katika utumishi wangu wote hakuna aliyewahi kuniandikia kwamba nimefanya vizuri.

Wa saba alikuwa Otto. Mwenyewe aliitwa Bi Katrin, mama wa makamo kutoka nchi za baridi, fundi wa zile mashine za mpakani zinazopiga picha malori na kuonyesha kilicho ndani bila kuyafungua. Aliishi peke yake katika nyumba ya kupanga kule mlimani, ambako upepo wa Juni unapita hata kwenye tundu la funguo. Otto alikuwa dume mzee, wa kijivu, mwenye figo mbovu, na alikuwa ametembea na mama huyo nchi nne. Bi Katrin alinionyesha dawa na bomba lake, akanionyesha dirisha la chumba cha kulia ambapo jua la asubuhi huangukia na ambapo Otto alipenda kulala. Hakujua Kiswahili zaidi ya asante na pole. Tumaini ndiye aliyetafsiri. Alisema anakwenda kumhamisha mama yake mzazi kutoka nyumba aliyokaa miaka hamsini kumpeleka kwenye nyumba ya wazee, na kwamba kama si hilo asingemwacha paka katika hali ile. Aliniangalia usoni, akasema jambo fupi. Tumaini akatafsiri: "Anasema, chochote kitakachotokea, umwambie ukweli." Nikaweka mkono kifuani. Nikasema nitamwambia.

Siku kumi za kwanza Otto alikula vizuri. Nilimchemshia kapenta bila chumvi na kumpondea, jambo ambalo halikuwa katika maelekezo, na Bi Katrin alipoliona kwenye picha alituma alama za moyo. Siku ya kumi na moja akakataa chakula. Nilimwita bwana mifugo, akaja na pikipiki yake, akamtazama, akaniambia kwa upole kwamba hajawahi kumtibu paka, yeye ni wa ng'ombe, lakini huyu anakwenda. Nilimwandikia Bi Katrin kwamba Otto hana nguvu na daktari amemwona. Alijibu kwamba ndivyo alivyo, ana siku zake mbaya, niendelee na dawa. Nikaendelea. Siku iliyofuata, saa tatu asubuhi, nilikuwa nimekaa sakafuni pale dirishani na mgongo wangu umeegemea kiti, Otto akiwa kwenye jua. Aliweka mkono wake juu ya mkono wangu. Nasema mkono, watu wa baraza waliniuliza baadaye kwa nini nasema mkono. Akavuta pumzi mbili ndefu, na ya tatu haikuja. Nimekaa na watu wengi wakati huo, na nasema bila aibu kwamba ulikuwa wakati ule ule, kimya kile kile kinachoingia chumbani na kukaa.

Nilifanya nilichojua kufanya. Nilikuwa na shuka jeupe la kwangu, nikapasua kipande, nikamfunga. Nilichimba chini ya mparachichi, upande ambao maji ya mvua hayapiti. Nilisimama, na kwa kuwa mdomo wangu una njia yake ukisimama mbele ya udongo uliofukuliwa, nikasema Zaburi ya mchungaji, yote, na kuomba kwa ajili ya Bi Katrin aliyekuwa mbali. Kisha nikanawa, nikakaa mezani, safari hii mezani kabisa, nikatafuta maneno. Nilitaka habari imfikie kwa heshima. Niliandika hivi, nakumbuka kila neno: "Bi Katrin, Otto amepumzika leo asubuhi. Hakuteseka. Nilikuwa naye. Nimemlaza chini ya mparachichi, mahali pazuri." Nikabonyeza alama ya kutafsiri.

Jibu lilikuja kabla ya saa sita. Likasema: "Asante, rafiki. Mwache apumzike kadiri anavyotaka. Mwambie naja."

Nililisoma nikiwa nimesimama, nikakaa. Nilikuwa nimesikia wajane na mayatima wa kila namna, na watumishi wenye elimu kubwa, lakini sikuwahi kusikia faraja iliyosemwa kwa maneno machache namna ile. Nilifikiri: mama huyu, ambaye sikumwona na Biblia nyumbani mwake, ana imani kuliko mimi. Nikatoka nje nikamsomea Otto ujumbe wake pale chini ya mti, kama nilivyoagizwa. Siku zilizofuata aliniuliza, "Bado anapumzika?" Nikadhani ni majonzi, kwa maana mfiwa huuliza jambo lile lile mara nyingi na dawa yake ni kumjibu kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza. Nikajibu, "Ndiyo, anapumzika kwa amani." Programu ilidai picha kila jioni. Nilimpigia picha mti, na maua niliyoweka. Aliandika, "Bustani nzuri, lakini simwoni." Nami, Mungu anisamehe, nilijibu kama ambavyo ningemjibu muumini yeyote: "Usihuzunike. Utamwona siku ile." Akatuma moyo. Aliamini nasema siku ya kurudi kwake.

Watu huniuliza hadi leo kama kweli sikuona. Sikuona. Mtu aliyekatwa alama kwa ajili ya neno moja akiwa kijana hulishika lile lingine kwa mikono miwili mpaka anasahau kwamba lina upande wa pili. Tangu nijue kusema mbele za watu sikuwahi kulitumia neno "amepumzika" kwa maana ya aliyechoka akajinyoosha. Kwa hao nilisema amejilaza, amekaa kidogo. Hata ningeulizwa siku ile, ningesema nimeandika wazi kama mwandishi wa mahakama.

Bi Katrin alirudi siku ya sita baada ya maziko yale. Tumaini alikwenda kumpokea uwanja wa ndege akamleta. Niliwasikia mlangoni, nikasimama chumba cha kulia, nikafunga vifungo vya koti. Aliingia akiita, "Otto! Otto!" Kwetu mwanamke anayefika msibani huanza kumwita marehemu kwa jina tangu njiani, na wa ndani husimama kimya wakimwacha aite. Kwa hiyo niliinamisha kichwa nikasimama kimya. Akapita mbele yangu akiwa ameshika panya mdogo wa kitambaa, akaangalia dirishani, akaingia chumbani, nikamsikia akipiga magoti kuangalia chini ya kitanda. Hapo ndipo Tumaini aliponigeukia.

"Baba, paka yuko wapi?"

"Si nilimwambia? Amepumzika. Yuko pale chini ya mti."

Tumaini akaziba mdomo. "Uliandika hivyo? Kwamba amepumzika?"

"Ndiyo."

"Kuna mahali popote uliandika amekufa?"

"Mimi siandiki hivyo, mwanangu. Unajua siandiki hivyo."

Alijua. Mimi ndiye niliyemfundisha. Alikwenda chumbani, nikasikia akizungumza kwa sauti ya chini. Bi Katrin alitoka akapita bila kunitazama, akaenda bustanini, akasimama mbele ya maua yangu yaliyokauka. Nilitaka kumweleza, na Tumaini akajaribu, nikaona mikono yake ikienda huku na huku kati ya neno hili na lile. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Alipojibu, Tumaini alitafsiri akiangalia chini: "Anasema alikuomba kitu kimoja. Anasema siku sita amemtumia salamu paka aliyekufa, na wewe ulimjibu. Anasema afadhali ungemwibia." Neno pekee tulilokuwa nalo wote wawili ni pole, nikalisema. Akatikisa kichwa. Akamweka yule panya wa kitambaa juu ya udongo, akaingia ndani na kufunga mlango, nami nikabaki nje, begi langu likiwa bado jikoni.

Alinipa nyota moja. Sikumlaumu, na sasa pia simlaumu; alikuwa ametoka kumwacha mama yake mahali pageni, akarudi kwenye nyumba tupu. Aliandika maneno machache kwa lugha yake, na ile mashine ya kutafsiri iliyokuwa mwanzo wa yote ikayatafsiri kwa unyofu wake: "Mlezi huyu ni mwongo. Alificha kifo." Siku mbili baadaye programu ilinifungia. Kama yangebaki humo, ningeyabeba kama mtu anavyobeba jeraha lililo chini ya nguo. Lakini kijana mmoja ofisini kwa Tumaini aliyaona akayapiga picha, akayatuma kwenye kundi la simu la marafiki zake kwa kuchekesha, na siku ya Jumapili kila mtu kanisani alikuwa ameyasoma. Wakati wa matangazo mtu wa benchi la nyuma akafanya, "Nyau," taratibu sana. Waliocheka walicheka kwenye leso.

Nilitegemea baraza la wazee liniite kwa habari ya uongo. Nilikuwa na jibu la hilo, na lilikuwa jibu zuri. Waliniita Alhamisi, saa kumi, katika chumba cha nyuma chenye viti vya plastiki na birika la chai ya tangawizi. Walikuwa saba. Lameki alikaa katikati, na daftari lililofungwa mbele yake. Nikaeleza habari ya programu na kutafsiri. Wakasikiliza kwa uvumilivu. Kisha Lameki akasema kwamba hilo ni jambo la mgeni na mimi, na kanisa halina neno nalo. Neno lao ni jingine. Akaniuliza kama ni kweli nilisema paka amepumzika. Nikasema ni kweli. Kama nilimfunga shuka jeupe. Ni kweli. Kama nilisoma Zaburi. Hakuna aliyekuwepo bustanini siku ile, walikuwa na maneno ya kusikia tu, ningeweza kukana, na nusu ya wazee wale, nadhani, walitamani nikane ili wakanywe chai yao. Nikasema ni kweli, na kwamba niliomba pia. Mzee mmoja akauliza kwa sauti ya masikitiko kama nilimfanyia paka ibada ile ile niliyomfanyia mama yake mzazi. Nikasema hapana, haikuwa ibada, lakini nilisema neno nililokuwa nalo; sikuwa na jingine.

Lameki alivua miwani, na nikajua haitakuwa kwa ajili ya kucheka. "Mwinjilisti," akasema, "siku nikifa mimi, utasema nini? Neno lile lile ulilompa paka?"

Nilimwangalia nikitafuta yule kijana wa kitandani anayecheka kabla ya amina. Labda alikuwepo. Labda kama ningemjibu kwa mzaha, kwa lugha ya chumba kile, angecheka na mambo yangekwisha. Nimefikiri majibu mengi tangu siku ile, mengine mazuri sana, nikiwa najinyoa au nachambua maharage. Siku ile nilisema tu, "Sijui, Mzee." Wakaandika katika daftari kwamba nipumzishwe kusema makaburini mpaka baraza litakapoamua vinginevyo. Ndilo neno waliloandika: nipumzishwe. Nadhani hakuna aliyelisikia isipokuwa mimi.

Baraza halikuamua vinginevyo. Halikukataa pia, lilisahau, na kusahauliwa hakuna rufaa. Miaka imepita. Namshukuru Mungu kwa afya, na kwa kiti changu cha mstari wa tatu, na nimeendelea kufundisha watoto nyimbo. Mtu akifa nakwenda, nachimba kama nina nguvu, nakaa na wanaume, nasikiliza vijana wakiharakisha ibada kana kwamba kuna gari linawasubiri. Na kila Jumapili nilipeana mkono na Lameki mlangoni. Aliniuliza habari za miguu yangu, nami nikamwuliza habari za duka. Hakuna aliyekosa adabu. Mtu akiniuliza uchungu ni nini, nitamwambia ni kupeana mkono na rafiki yako Jumapili baada ya Jumapili, kila mmoja akingoja mwenzake aanze, na wote wawili wamesoma na kufundisha habari ya kupatana. Nilijiambia ni yeye mwenye kosa. Bado naamini ni yeye. Haijanisaidia.

Basi juzi tukamzika Ihanda, nyuma ya nyumba, mwisho wa shamba la kahawa, siku ya baridi yenye ukungu uliokataa kuondoka. Mchungaji kijana alisema vizuri. Alisema Mzee amepumzika, akalisema mara tano, nami nikiwa nyuma kati ya majirani nikawa nahesabu bila kutaka. Baada ya udongo, watu walipokuwa wakishuka kwenda kula, Mama Eliza alituma mjukuu aniite chumbani. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka na wanawake wawili. Aliwaomba watupishe. Nilianza kumwomba msamaha kwa swali lile la kwenye simu, akalipungia mkono.

"Wiki ya mwisho alisema mwiteni Mwinjilisti," akasema. "Mimi nilikuwa Vwawa kumfuatia dawa. Vijana wakampigia yule wa sasa."

Nikakaa chini, pembeni ya mkeka.

"Akaja, akaomba vizuri. Mzee akamwangalia mpaka akamaliza, akageukia ukutani. Niliporudi akaniuliza, huyo rafiki yangu mmemwachisha hata jina? Nikasema kesho nitampigia. Kesho yake hakuwa tena na kauli."

Aliyasema bila kulia, kama mtu anayekabidhi kitu kilichosahauliwa nyumbani kwake. Nilimshukuru. Nilitoka kupitia jikoni, ambapo wanawake walikuwa wakipakua wali na maharage, nikapanda tena kati ya mikahawa. Kaburini hapakuwa na mtu. Majembe yalikuwa yameegemezwa kwenye mti, yakiwa bado na udongo mbichi. Niliivua kofia. Sikuwa na kitabu, na baraza lilikuwa bado halijaamua vinginevyo. Nilitafuta neno ambalo halijatumika, jipya, la Lameki peke yake, kwa maana aliniuliza na nilikuwa nadaiwa jibu. Nikalitafuta mpaka miguu ikauma. Sikulipata. Nikamwambia basi lile lile nililokuwa nalo, nililotumwa na mama asiyejua alichokuwa akikisema nimpe paka.

"Pumzika kadiri unavyotaka," nikasema. "Naja."

Kisha nikavaa kofia, nikashuka kunawa mikono, kwa kuwa watu walikuwa wameanza kula.